Kitu Kisichouma

Lusangi, 14 Januari 2024

Yaya Soraya,

Assalam aleikum, dada yangu mukubwa. Hapa tuko wazima, na tunaomba hali ya huko Kasongo iwe hivyo hivyo. Rachida anakusalimia sana, na watoto wanauliza kila siku kama binti yako Faridah atakuja kwetu vakansi, shule ikifungwa. Mihogo imetoka muzuri mwaka huu, ila nguruwe wa pori wanatusaidia kuila. Rezo imekufa tena, hata ukipanda juu ya kilima cha parokia simu haisemi kitu, ndiyo maana naandika kama wazee wetu. Barua nampa Iliasi, dereva wa moto, pikipiki ile inayopita Kabambare mpaka kwenu. Ni mutu wa kuaminika. Umupe majibu mukononi.

Sasa neno lenyewe. Nimeumia mugongo, na tafadhali usicheke. Mwaka mupya walimu tulicheza mupira na wachimbaji wa zahabu. Mimi ambaye kazi yangu ni kusimama mbele ya ubao, nilianza kukimbia asubuhi na jioni, wiki nzima bila kupumuzika, kusudi vijana wale wasinichekelee. Siku ya mechi niliruka kupiga kichwa, nikashuka vibaya. Kitu kikashika hapa chini ya kiuno kama mbwa ameniuma. Nilimaliza muchezo kwa kiburi tu. Kesho yake Rachida ndiye alinivalisha viatu.

Tangu siku ile nalala. Prefe, mukubwa wa shule, amenipa ruhusa. Kama unapata ile pomade ya kuchoma ngozi kwenye soko lenu, nitumie. Nikiinuka kwenye mukeka nashika ukuta, na nakumbuka mama alivyokuwa anashika ukuta. Lakini hayo tuyaache.

Mudogo wako,
Djamali


Kasongo, 3 Februari 2024

Djamali mudogo wangu,

Aleikum salam. Iliasi ameleta barua yako imelowa mvua, lakini maneno yanasomeka. Tuko wazima, alhamdulilahi. Muchele kutoka Nyangwe unakuja kidogo kidogo, na wateja wanalalamika kama vile mimi ndiye ninaulima. Faridah anasoma muzuri. Anakaribia kunipita urefu, na mudomo wake umenipita zamani.

Nimecheka. Wewe na wachimbaji! Watu wanaobeba mawe tangu asubuhi, ulifikiri utawashinda kwa wiki moja?

Pomade nakutumia, lakini haitafanya kazi peke yake. Acha kulala muchana kutwa. Nilimuuliza dokta wa hapa, siku nilipopita hospitali kwa shughuli yangu, akasema mugongo ukilala sana unakuwa mugumu kama ngozi ya ngoma. Tembea mpaka kisimani, urudi. Kesho uongeze kidogo. Weka kitambaa cha maji ya moto pale panapouma. Ukiokota kitu, kunja magoti, usiiname kama korongo. Na mupira uache mpaka uweze kuinama na kugeuka bila kukunja uso. Siku ukianza tena, anza polepole: leo ukimbie, kesho upumuzike. Dokta anasema mwili unajijenga wakati wa kupumuzika, wakati wa kukimbia unabomoka tu.

Anasema pia migongo mingi ya namna hii inapona yenyewe. Lakini sikiliza muzuri hapa. Kama miguu inakufa ganzi, kama mukojo unakataa kutoka, kama uchungu unakuamsha usiku hata umelala sawa, kama mwili unapungua bila sababu, usingoje mimi wala pomade. Nenda Kabambare.

Na mambo ya mama usiyaingize ndani ya mupira.

Yaya wako,
Soraya


Lusangi, 20 Machi 2024

Yaya,

Ramadani njema kwenu. Tunafunga, na Rachida anafungua na chai ya tangawizi ambayo wewe ulimufundisha. Mutoto wetu wa pili alishikwa na malaria, sasa anakimbia tena. Shule moja upande wa chini imefunga mulango kwa sababu ya watu wenye silaha waliopita. Sisi bado tunafundisha.

Nilifuata maneno yako, na mwezi wa pili ulipoisha nilikuwa natembea mpaka shuleni bila fimbo. Basi nikajiona nimepona. Vijana waliniita uwanjani, nikacheza. Najua utasema nini, kwa hiyo usiseme.

Uchungu umerudi, na haufanani na ule wa kwanza. Unakuja usiku. Nalala sawa, nafumba macho, kisha unaniamsha, nakaa kwenye kiti mpaka muazini anaita. Suruali zinaanguka. Rachida anasema ni funga, lakini zilianza kuanguka kabla ya funga. Sijamwambia kwamba siwezi kula. Nikitia chakula mudomoni namuona mama kwenye chumba kile cha nyuma, mugongo wake na mito iliyopangwa, na sisi watoto tumekatazwa kuingia. Nilikuwa na miaka tisa, lakini mugongo ule naujua. Watu walisema mugongo ndio ulimuua.

Infirmier Raphaël, muuguzi wa sante, zahanati yetu ya hapa, alinipa vidonge na kuniambia niende Kabambare. Nimemwambia nitaenda. Sijaenda.

Yaya, ulisema ulipita hospitali kwa shughuli yako. Shughuli gani?

Djamali


Kasongo, 30 Aprili 2024

Djamali,

Salamu kutoka kwa wote. Idi ilipita muzuri, watu wa mutaa walikuja kula, tulikosa tu wewe. Barua yako imekawia kwa sababu daraja lilibebwa na maji na Iliasi alilala njiani. Ukiona maandishi yamebadilika, ni ya Faridah. Mimi nasema, yeye anaandika. Mukono wangu wa kuume umechoka kupima muchele.

Enda Kabambare. Sitasema mara mbili. Usiende kwa muganga wa majani, usiende kesho kutwa. Panda moto ya Iliasi, weka muto chini, mwambie aende polepole.

Sasa nitakuambia jambo ambalo ulikuwa mudogo sana kuambiwa, na ulipokuwa mukubwa hakuna aliyetaka kulisema. Mama hakuanza na mugongo. Mama alianza na titi. Mimi ndiye nilikuwa namuosha, kwa hiyo nilikiona. Kilikuwa kivimbe kigumu, kidogo kama punje ya hindi, na hakikumuuma. Kwa sababu hakikumuuma, hakusema. Kisha ngozi ikaingia ndani kama mutu ameibonyeza na kidole. Kisha ikafunguka kidonda. Alikuwa anaweka kitambaa chini ya nguo na anaenda soko. Baba alijua mwishoni kabisa. Wakati mugongo ulianza kuuma, ugonjwa ulikuwa umeshatoka kwenye titi na kuingia mifupa. Dokta wa hapa ndiye alinieleza ukifika mifupani unakuwa hivyo. Kwa hiyo mugongo wako usiuogope kwa sababu ya mugongo wa mama. Uogope kwa sababu unakuamsha usiku na unakupunguza, na woga huo ukupeleke kwa dokta.

Faridah ameacha kuandika, ananiangalia. Hakuwa anajua habari za bibi yake. Nimemwambia aendelee.

Kula, Djamali. Hata uji.

Soraya


Kabambare, 27 Mei 2024

Yaya wangu,

Nakuandikia nikiwa Kabambare, nimekaa kwenye benchi nje ya hospitali. Rachida iko pembeni yangu anakula ndizi. Nilimwambia yote. Alilia, kisha akanigombeza njia nzima, na Iliasi akamusaidia kunigombeza.

Hapa kuna dokta mwanamuke. Alinisikiliza muzuri. Aligonga mifupa ya mugongo mumoja mumoja, akainua miguu yangu, akanichoma vidole na sindano aone kama nasikia, akapima mukojo na damu. Walinipiga radio pia, ile picha ya mifupa. Nilingoja majibu mpaka jua likazama. Kesho yake akaniita.

«Mifupa iko muzuri,» akasema. «Damu iko muzuri. Ni misuli uliyoichana, na kabla haijashikana ukaichana tena. Usiku unaamka kwa sababu gani?»

Nikasema sijui.

«Ukiamka unafikiri nini?»

Nikamwambia habari ya mama. Alitikisa kichwa.

«Huli kwa sababu unaogopa, unakonda kwa sababu huli, na ukiona umekonda unaogopa zaidi. Ulifanya vema kuja, alama hizo hatuzidharau. Miezi miwili ikipita urudi nikuone tena.» Akanionyesha namna ya kulala chali na kuinua kiuno, na namna ya kunyoosha muguu, kila asubuhi, bila haraka.

Yaya, nilitoka pale nikala sahani mbili za bugali na samaki.

Lakini sijamaliza. Nilipokuwa navaa shati, dokta aliniuliza:

«Mama yako aliacha watoto wa kike?»

«Mumoja. Yaya wangu.»

«Iko na miaka ngapi? Mutu amemupima matiti?»

Nikamwambia miaka yako, na habari ya mukono wako uliochoka. Akasema mutoto wa mwanamuke aliyekufa na kanseri ya titi asingoje kuumwa, kwa sababu mwanzoni haiumi. Akasema mukono unaweza kuvimba upande ule.

Mukono wako wa kuume iko namna gani? Kwa nini ulijua maneno yote yale ya ngozi na mifupa? Nijibu wewe mwenyewe. Usijibu habari za muchele.

Djamali


Lusangi, 14 Julai 2024

Yaya Soraya,

Salamu. Tuko wazima.

Iliasi amerudi mara mbili bila barua. Mara ya kwanza alisema ulikuwa umelala. Mara ya pili alisema meza yako ya muchele sokoni iko na mwanamuke mwingine, na Faridah alitoka nyumbani, akachukua barua yangu, akarudi ndani bila kumukaribisha maji. Hiyo siyo desturi ya nyumba yetu.

Nilimuuliza kama alikuona. Alisema alikuona mulangoni, umejifunika kitenge mpaka shingoni na jua linawaka.

Mugongo wangu unapona. Nilidhani nitafurahi nikiandika hivyo.

Djamali


Kasongo, 11 Agosti 2024

Djamali mudogo wangu,

Aleikum salam. Usimukasirikie Faridah. Nilimukataza mimi.

Kivimbe nilikiona Ramadani ya mwaka jana, wakati wa kuoga. Kulikuwa hakuna uchungu. Nilikishika, nikajua. Usifikiri sikujua. Watu wanasema mwanamuke hakujua. Mimi nilijua siku ile ile, kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vimeshakishika mara nyingi kwenye mwili wa mama. Nikafunga nguo, nikaenda kuuza.

Nilifikiri: Faridah amalize masomo kwanza. Nikafikiri: labda ni maziwa yaliyoganda. Nikaenda kwa mama mumoja wa majani, akanipaka, ngozi ikaungua na kivimbe kikabaki. Mwezi wa kwanza mwaka huu ndipo nilienda hospitali. Dokta ni kijana, alizungumza nami kwa heshima, akasema niende Bukavu na ndege, wakate na kunipa dawa zile kali, na nisingoje. Nilimwambia nitaenda. Namna wewe ulivyomwambia Raphaël.

Wakati ule ule barua yako ilikuja, na mugongo wako. Nilipata kitu cha kumuuliza dokta ambacho siyo mimi. Maneno yale ya kutongoja nilipokuambia, alikuwa ameniambia mimi.

Sasa kwapani kuna vivimbe vingine, na mukono umevimba mpaka bangili imekatwa na koleo. Titi limefunguka. Faridah ananiosha. Alipoona mara ya kwanza alienda nje akarudi na maji ya moto. Dokta amesema Bukavu sasa haitaponya, itapunguza tu, na safari inaweza kunimaliza. Ananipa vidonge vya uchungu na anakuja nyumbani kusafisha kidonda. Sina la kumulaumu.

Usikuje. Njia ni mbaya, mugongo wako bado mubichi, na sitaki unione kama ulivyomuona mama. Nakuomba kitu kimoja tu. Rachida awaambie wanawake wa huko. Wewe huwezi, utawaaibisha. Aseme hivi: kivimbe kisichouma ndicho cha kukimbia nacho kwa dokta. Na ngozi inayoingia ndani, na chuchu inayotoa damu au kugeuka, na kivimbe kwapani. Asiseme habari yangu kama aibu. Aseme jina langu.

Soraya


Lusangi, 22 Septemba 2024

Yaya,

Nilisoma barua yako nimesimama njiani mbele ya Iliasi, na yeye alizima pikipiki akakaa chini. Nitakuambia tu tulichofanya.

Rachida aliongea Ijumaa na wanawake walipomaliza sala, kisha Jumapili wanawake wa parokia wakamuomba aende kwao pia. Mimi sikuingia. Nilikaa nje na viatu vyao. Nilimusikia anasema, «Wifi yangu anaitwa Soraya, anauza muchele Kasongo, na ananituma kwenu.» Mumoja akauliza kwa Kibangubangu kama ugonjwa huo unatokana na kulogwa, Rachida akasema hapana, na akarudia kwa Kibangubangu ili wote wasikie. Mwingine akauliza kama kumunyonyesha mutoto mukubwa ndiko kunauleta. Akasema hapana.

Jioni ile mwanamuke anayeitwa Dieudonnée, anayelima karibu na shamba letu, mama wa watoto wanne, alikuja nyumbani akasimama kwenye mulango wa jikoni. Alishika mukono wa Rachida akauweka kifuani, juu ya kivimbe. Bwana wake alikataa safari ya Kabambare, akasema ni mambo ya wanawake. Nilienda kwake. Nilikaa pale na nikamwambia namna mama alikufa, na namna baba alijua mwishoni. Nilisema kwa sauti, Yaya, mambo ambayo sikuwahi kusema hata kwa Rachida. Bwana yule akaenda kumutafuta Iliasi yeye mwenyewe.

Dokta wa Kabambare amekitoa kivimbe kile. Kilikuwa kidogo. Ametuma kipande mbali kikapimwe, na hatujui bado kama ni kanseri au si kanseri. Tunangoja naye. Analima tena kwa mukono mumoja, na Raphaël anamugombeza.

Nafanya mazoezi yangu kila asubuhi. Naweza kukaa kwenye moto ya Iliasi sasa. Nilijaribu kwenda na kurudi Kabambare, mugongo ulichoka lakini haukushika. Najua ulisema nisikuje. Sikuombi unipe ruhusa ya kuangalia kidonda. Naomba tu kukaa kwenye chumba. Nilikuwa na miaka tisa na walinifungia mulango, na tangu siku ile nafikiri nyuma ya kila mulango kuna kitu kibaya kuliko kilichokuwepo. Unaumwa namna gani? Niambie kweli. Usinijibu kama unavyomujibu muteja.

Djamali


Kasongo, 13 Oktoba 2024

Djamali,

Faridah anaandika, barua ni fupi kwa sababu nachoka.

Nimefurahi kwa Dieudonnée. Nimemwambia Faridah asome sehemu ile mara mbili. Mumwambie asibebe ndoo upande ule. Mumwambie namuombea majibu mazuri, na yakiwa mabaya asikae nyumbani, aende anakotumwa, mimi namuambia.

Faridah anapimwa na dokta sasa. Alikataa, nikalia, akaenda. Hana kitu. Atakuwa anaenda kila mwaka.

Mvua imeanza, njia itaharibika. Vidonge vya zamani havinifikishi asubuhi tena, dokta amebadilisha, hivi vipya vinanilaza. Usiku nasikia mifupa ya mugongo. Unajua maana yake.

Uliniuliza, na watu wote wakiniuliza nasema afadhali. Hata Faridah namwambia afadhali, na sasa anaandika hapa kwamba anajua ni uongo.

Naumwa, mudogo wangu. Naumwa sana na naogopa. Mulango hatutaufunga.

Kuja.

Soraya